Kipimo cha Kiti cha Tano

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, kiti kimoja cha mbao kilikuwa katikati ya chumba cha chini ya ardhi na hakuna aliyekuwa amekikalia. Sakafu ilikuwa saruji tupu. Fremu za dari zilikuwa bado wazi, nyaya zikining'inia kati yake. Balbu moja ya muda ilitundikwa kwenye msumari karibu na ngazi, na huo ndio ulikuwa mwanga wote wa chumba.

Fundi wa taa alikuwa amepiga magoti akibandika selotepu ya karatasi sakafuni, kipande juu ya kipande, mpaka ikafanya alama ya msalaba. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi katika kila nyumba. Wenzake wengi walianza na dari: waligawa taa kwa mistari iliyonyooka, kisha watu wakatafuta pa kukaa. Yeye alianza na watu. Aliuliza nani atakaa wapi, akaweka alama, akamkalisha kila mmoja kwenye kiti kilekile, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye macho. Kipimo hicho kiliamua taa ya ukutani iwe juu kiasi gani na ya darini isogezwe wapi, ili mtu anayetazama skrini asichomwe macho na balbu.

Daktari wa meno, mtoto wa kiume wa nyumba hiyo, alikuwa amesimama kwenye kidato cha mwisho cha ngazi na vikombe viwili vya chai. Alikuwa akimtazama fundi shingoni, pale alipofunga nywele kwa kipande cha waya wa bluu.

"Unaniangalia, au unasubiri nihame upite?" fundi aliuliza bila kugeuka.

"Vyote viwili."

"Chai weka juu ya ndoo. Alama usizikanyage."

Aliiweka. Akachuchumaa karibu naye, karibu kuliko mteja anavyochuchumaa karibu na fundi.

"Leo," fundi akasema.

"Leo."

"Sema sentensi nzima."

"Leo nitamwambia mama."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hajatia sahihi mchoro." Alijaribu kutabasamu. "Unanihoji kama polisi."

"Polisi hawasubiri miezi minane."

Ilikuwa miezi minane kweli. Fundi hakuwa mtu wa kukadiria. Walikutana klinikini kwa Daktari, alikoitwa kurekebisha taa ya juu ya kiti cha wagonjwa. Alikaa mwenyewe kwenye kiti hicho, akalala chali, akatazama juu kwa dakika nzima, kisha akasema, "Wagonjwa wako hawaogopi sindano. Wanaiogopa hii balbu." Daktari alicheka mpaka akavua barakoa. Wiki iliyofuata alimpigia kumwambia kuwa taa inafanya kazi vizuri. Wiki ya pili alimpigia kumwambia jambo hilohilo.

Chumba hiki kilikuwa mpango wake. Mama yake alitaka pahali pa familia kukusanyika, kutazama filamu na kusikiliza muziki. Daktari akasema anamjua fundi mzuri. Alidhani mama angemzoea, na akishamzoea angempenda, na akishampenda ingebaki kazi ndogo tu ya kumwambia. Wiki sita zilikuwa zimepita. Mama alikuwa amemzoea sana, lakini kama fundi. Alimwita Fundi, akampa chai, akamsifu mbele ya majirani kwa kufika mapema.

Jumatatu saa mbili asubuhi mafundi wa dari wangekuja kufunga bodi. Waya usiokuwa mahali pake kabla ya hapo usingewekwa tena bila kuvunja. Jumanne fundi alikuwa anaondoka kwenda mji mwingine, kwenye hoteli mpya ya vyumba mia moja na arobaini, kazi ya miezi saba. Alikuwa amemwambia Daktari bila kuzunguka: nikiondoka nyumbani kwenu kama fundi, usinitafute kama mchumba.

"Siku nzima unawaambia watu wafumbue midomo," alisema sasa. "Wako umezibwa na nini?"

"Mama yangu umemwona?"

"Nimemwona kwa wiki sita. Hang'ati."

"Wewe hakung'ati." Daktari alinyoosha kidole, akamfuta vumbi la saruji shavuni. Kidole kilibaki pale muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. Fundi hakukisogeza. Alimtazama machoni, akaona mapenzi na akaona woga, na hakuweza kusema kipi kilikuwa kingi zaidi.

Mlango wa juu ukafunguliwa. Daktari aliondoa mkono kwa kasi kama aliyegusa waya wenye umeme, akarudi nyuma hatua mbili. Kisigino chake kikabandua alama moja.

Fundi aliitazama ile selotepu iliyokunjamana chini ya kiatu. Alikata kipande kipya.

*

Mama alishuka polepole, mkono wa kushoto ukutani. Kila kidato alikigusa kwanza kwa ncha ya kiatu ndipo akakikanyaga. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na nusu ya mabibi harusi wa mji ule walitoka makwao wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Alikuwa ameacha mwaka juzi. Alisema amechoka.

Nyuma yake alikuja binti yake, dada mkubwa wa Daktari. Kazi yake ilikuwa kusoma hali ya hewa redioni. Nyumbani alitangaza kila kitu kingine.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba, Fundi. Umekunywa chai?"

"Imewekwa juu ya ndoo, mama," Dada alitangaza. "Vikombe viwili. Vimekaa pamoja kama maharusi."

Daktari alikohoa.

Mama alipita juu ya alama mbili bila kuzitazama, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono juu. "Hapa. Nataka taa moja kubwa, ile ya vioo, ya kuning'inia. Nimeiona dukani. Chumba kiwake."

"Ina urefu wa sentimita tisini, mama," fundi alisema. "Niliipima Alhamisi. Dari ikishafungwa itakuwa mita mbili na thelathini kutoka chini. Taa itaishia mita moja na arobaini."

"Maana yake nini?"

"Maana yake itamgonga Daktari kifuani."

"Atainama."

"Mama anataka ukumbi wa harusi," Dada alisema. "Halafu tukitaka kutazama filamu tunatazama vivuli vya vioo."

"Na projekta itarusha picha juu ya vioo, si kwenye skrini," fundi aliongeza. "Mama, chumba hiki kinataka taa ndogo nyingi zilizozama darini, na swichi za kupunguza mwanga. Nimechora kumi na nne."

Alimpa mchoro. Mama aliushika, akausogeza mbali, akausogeza karibu, akasema ni mzuri. Mistari ya penseli ilikuwa myembamba na macho yake hayakusimama kwenye mstari wowote. Fundi aliliona hilo, kama alivyoyaona ya ngazini.

"Ni mzuri," mama alirudia, akaurudisha. "Lakini una giza."

"Mchoro hauna giza, mama. Ni karatasi."

"Mimi ndiye mwenye chumba au wewe?"

"Wewe, mama."

"Basi nataka kiwake."

Walibishana hivyo kwa dakika ishirini. Fundi alitoa vipimo. Mama alivikataa vyote kwa sauti ileile, bila kupandisha, kama mtu anayerudisha kitambaa dukani. Mara tatu Daktari alisema, "Nadhani wote mna hoja," na mara tatu hakuna aliyemsikiliza. Mwishowe fundi akapiga magoti tena.

"Tuyaache ya dari. Niambieni nani anakaa wapi."

Hilo mama alilipenda. Alielekeza kwa kidole. Kiti cha kwanza chake, karibu na ngazi. Cha pili cha Dada. Cha tatu cha Daktari, usawa wa katikati ya skrini. Cha nne cha mume wa Dada, ambaye alikuwa amepimwa Jumatano alipokuja kuleta mbao. Fundi aliandika kila kimoja kwenye jedwali chini ya mchoro: namba, anayekaa, urefu wa macho.

"Na cha tano, hapo, kando ya cha mwanangu," mama alisema. "Hicho ni cha mke wake."

Mkono wa fundi ulisimama juu ya karatasi.

"Mke gani?" Dada aliuliza. "Kuna ndoa imepita nikiwa studio?"

"Atakuja. Yule mfamasia, binti wa rafiki yangu. Nimezungumza na mama yake. Ana adabu, ana kazi inayofungwa saa kumi na moja, na nyumba yao iko mitaa miwili kutoka hapa." Alimgeukia fundi. "Weka alama, Fundi. Na taa yake iwe nzuri. Binti ana sura ya kupendeza."

Fundi hakumtazama mama. Alimtazama Daktari. Nafasi ilikuwa imewekwa mbele yake, wazi, mchana kweupe. Alihitaji sentensi moja, ileile aliyoisema saa tatu na robo.

Daktari alifumbua mdomo.

"Mama," alisema, "labda tungoje kwanza..."

"Tungoje nini?"

"Dari."

Dada aliinua macho kutazama fremu tupu za dari.

Fundi aliinama, akakata selotepu vipande viwili vya urefu sawa, akavibandika kando ya alama ya tatu. Akaandika kwenye jedwali, kwa mwandiko wake ulionyooka: *5. Mke wa mwanangu.* Sehemu ya urefu wa macho akaiacha wazi.

*

"Dari?" alisema kwa sauti ya chini.

Walikuwa kwenye stoo ndogo chini ya ngazi, palipokuwa na kisanduku cha swichi. Fundi alikuwa amesema anakwenda kukagua nyaya, na Daktari alikuwa amemfuata.

"Nilishtuka. Sikujua kama amefika mbali hivyo na mama wa yule msichana."

"Nakuuliza kuhusu dari."

"Nipe mpaka wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa mji mwingine."

"Nitamwambia kwa utaratibu. Ukishaondoka atakukumbuka, ndipo nitamwambia..."

"Daktari." Alimwita hivyo kama walivyomwita watu wote, na ilimuumiza kuliko kama angemtukana. "Nimezihesabu. Hii ni wiki ya thelathini na nne. Katika hizo zote umesema 'wiki ijayo' mara ambazo nilichoka kuzihesabu, na mimi si mtu wa kuchoka kuhesabu. Nimebandika alama ya mke wako kwa mikono yangu. Unajua nilikuwa nafikiri nini?"

"Nini?"

"Kwamba taa yake itabidi niichore vizuri, kwa sababu sijui kuchora vibaya."

Daktari aliegemeza paji la uso ukutani. Walikuwa karibu kiasi kwamba fundi alinusa sabuni yake, ileile ya klinikini, na alilazimika kuyaelekeza macho kwenye swichi.

"Nakupenda," Daktari alisema kwa ukuta.

"Hilo najua. Si mimi ninayepaswa kuambiwa."

Alifunga kisanduku, akatoka.

*

Kulikuwa na jambo lingine, na hilo halikuwa la Daktari. Fundi aliomba msaada: Dada aende juu kwenye swichi kuu akae hapo mpaka aitwe, Daktari akalete ngazi ya mkono kwenye gari. Alipobaki na mama peke yao, aliwasha taa mbili za majaribio kwenye stendi, moja ya mwanga wa manjano na nyingine ya mwanga mweupe, akatoa mfukoni vipande viwili vya kitambaa. Alitembea navyo siku zote, kuwaonyesha wateja jinsi mwanga unavyobadilisha rangi.

"Wewe ndiye mwenye vitambaa, mama. Niambie hivi ni nini."

Mama alivichukua. Vidole vyake vikawa hai. "Hiki ni pamba. Hiki ni pamba iliyochanganywa, wamekudanganya dukani."

"Na rangi?"

"Nyeusi."

"Kipi?"

"Vyote."

Kimoja kilikuwa cheusi. Kingine kilikuwa cha bluu, bluu ya sare za shule, na mama alikuwa ameshona sare hizo kwa miaka arobaini.

Fundi alisogeza taa nyeupe karibu. "Na sasa?"

Mama alivikunja vitambaa vizuri, kona kwa kona, akamrudishia.

"Una akili ya kuudhi," alisema.

"Ndiyo maana uliacha kushona?"

"Nilikata gauni la bibi harusi nje ya mstari. Kitambaa cha kuagizwa. Nikasema mkasi ni butu." Alikaa kwenye kiti cha kupimia. "Jicho la kulia limeanza zamani. La kushoto linafuata."

"Daktari anajua?"

"Daktari ni wa meno."

Fundi nusura acheke, akajizuia. "Mimi si wa macho, mama. Siwezi kukuambia ni nini wala kama kinatibika. Wapo wanaoweza. Ninachoweza kukuambia ni kwamba taa kubwa ya vioo haitakusaidia, itakuumiza. Unachohitaji ni mwanga uliofichwa, usiokupiga usoni. Ukingo wa kila kidato nitauwekea taa ya utepe. Kiti chako nitakiwekea taa mbili kutoka nyuma, na swichi yake mwenyewe hapo mkono wako unapofika."

"Utaandika kwenye mchoro kwamba ni kwa sababu ya macho?"

"Nitaandika taa. Sababu si sehemu ya mchoro."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, kama anayemalizia mazungumzo mengine, "Ndiyo maana nataka aoe karibu. Mitaa miwili. Giza likija, nisiwe ninamwita mtu aliye mbali. Na sura ya mkwe wangu niione kabla." Aligeuza uso kuelekea sauti ya fundi. "Usimwambie mwanangu."

"Sitamwambia," alisema fundi. Alihisi hasira kwa mara ya kwanza siku ile, na haikuwa kwa mama. Alikuwa amekuja kudai kitu kimoja rahisi, na sasa hata kukidai kulionekana kama kumnyang'anya mgonjwa fimbo.

*

Saa tano na nusu wote wanne walikuwa chini. Fundi aliongeza taa za ngazi kwenye mchoro kwa kalamu nene ya wino mweusi. Mama aliukubali bila kubishana na taa kubwa ya vioo haikutajwa tena, jambo lililomfanya Dada amguse mama yake paji la uso kuona kama ana homa. Vipimo vikachukuliwa. Mama sentimita mia moja na nane. Dada mia moja kumi na nne. Daktari mia moja ishirini na moja.

"Imebaki nini?" mama aliuliza.

"Kiti cha tano hakina kipimo," fundi alisema. "Bila kipimo sitachora taa yake. Nitaacha waya umefungwa, na fundi mwingine atamalizia mtu akipatikana." Alinyoosha kalamu. "Tia sahihi hapa, mama. Nina mizigo ya kufunga."

Alisema bila kumtazama yeyote. Akaanza kukunja tepu.

"Mia moja na kumi na mbili," alisema Daktari.

Fundi aliendelea kukunja, polepole zaidi.

"Nini mia moja na kumi na mbili?" Dada aliuliza.

"Kiti cha tano." Sauti ya Daktari ilikuwa nyembamba, kisha ikakaa sawa. "Sentimita mia moja na kumi na mbili, kwenye kiti hikihiki."

"Umejuaje?" mama aliuliza. "Mfamasia hajawahi kufika hapa."

"Sijampima mfamasia. Nilimpima fundi. Wiki mbili zilizopita, akinifundisha kushika tepu."

"Ohoo," alisema Dada, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo.

"Nampenda, mama. Kwa miezi minane. Nilimleta hapa umzoee kwanza, halafu nikaogopa, nikamwacha aitwe fundi mbele yangu, na leo nikamwacha abandike alama ya mwanamke mwingine. Kosa ni langu lote. Yeye alitaka niseme tangu mwezi wetu wa kwanza." Alivuta pumzi. "Kiti cha tano ni chake. Kama hakiwezi kuwa chake, basi kifutwe pamoja na cha tatu."

Cha tatu kilikuwa chake mwenyewe.

Mama aliikaza kalamu mkononi. Alimgeukia fundi. "Unaondoka Jumanne."

"Ndiyo, mama."

"Miezi saba."

"Ndiyo."

"Na baada ya hapo?"

"Kazi nyingine. Sijui wapi. Siwezi kukuahidi mitaa miwili."

"Fundi haolewi na mume, anaolewa na wateja. Naijua kazi hiyo." Mama alisema bila ukali. "Huyu alipotembea mara ya kwanza nilikuwa nakata gauni la binti wa watu. Jirani ndiye aliyeniambia. Nimeshona miaka arobaini, na pengo la siku hiyo bado sijalishona. Unataka mwanangu akae kwenye kiti cha tatu akitazama kiti kitupu?"

"Hapana, mama. Lakini siwezi kuacha kuwa fundi ili nikijaze. Nikikuambia naweza, nitakuwa nimekupa kipimo cha uongo."

"Mama," Daktari alianza.

"Wewe umeshasema. Umechelewa, lakini umesema."

Balbu ya muda ilitoa mlio mdogo kwenye msumari. Mama alikuwa ameshika kalamu na hakuwa ametia sahihi. Alikigusa kiti cha mbao, akakisukuma mpaka miguu yake ikafika kwenye alama ya tano. Aliitafuta selotepu kwa ncha ya kiatu.

"Kaa," alisema.

"Mama?"

"Kaa hapo. Sijawahi kukata nguo kwa kipimo cha kusimuliwa, na sitaanza leo kwa sababu mwanangu ana mapenzi."

Fundi alikaa. Mgongo ulinyooka wenyewe. Mikono hakujua aiweke wapi. Kwa miaka tisa alikuwa amewakalisha watu wengine.

"Wifi, usikunje shingo," alinong'ona Dada.

"Wewe nyamaza," mama alisema. "Hatujafika huko."

Daktari alipiga magoti, akaweka mwanzo wa tepu sakafuni, akaivuta juu mpaka kwenye kona ya jicho la fundi. Fundi alimtazama kwa karibu, bila kusaidia. Alikuwa bado na hasira, na hakuificha, na Daktari aliipokea bila kuangalia pembeni.

"Ngapi?" mama aliuliza.

"Mia moja na kumi na mbili."

"Hupimwa mara mbili. Pima tena."

Alipima tena. "Mia moja na kumi na mbili."

Mama alikivuta karibu kibao kilichobeba mchoro. Akainama juu ya jedwali, akainuka, akainama tena. Kisha akasema, si kwa mwanawe wala kwa binti yake, "Nionyeshe mstari."

Fundi alinyoosha mkono kutoka kwenye kiti, akachukua kidole cha mama, akakiweka kwenye mstari wa tano.

Dada aliacha kutabasamu. Daktari, bado amepiga magoti, alimtazama mama yake usoni, kisha mkono wake, kisha tena usoni. "Mama," alisema taratibu, "macho yako..."

"Wewe ni wa meno," mama alimjibu. "Hayo tutazungumza juu."

Saa sita kasoro dakika nane aliandika kwa mkono wake: moja, moja, mbili. Tarakimu ya mwisho ilitoka nje ya mstari. Fundi hakuisahihisha.